Kabla hujawaambia wabadilike: maana ya "hali iliyopo" katika hotuba ya kushawishi

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, Dodoma. Mwezi ujao nimepewa dakika 7 kwenye mkutano mkuu wa kijiji niwashawishi watu wapunguze mahindi na warudi kwenye mtama. Kwenye mafunzo tuliambiwa hotuba ya kushawishi ianze na status quo. Nikajaribu mbele ya wanakikundi: nikaeleza ukame, njaa, na jinsi tunavyong'ang'ania mahindi. Wakanuna. Wawili wakaanza kuyatetea mahindi yale yale wanayoyalalamikia kila mwaka. Status quo ni nini hasa, na nimekosea wapi?"

Ndugu, asante kwa swali hili, maana wengi hulibeba neno hilo kutoka semina bila kujua lina uzito gani. Ni Kilatini, na sisi tunasema "hali iliyopo" au "hali kama ilivyo". Kwenye kesi za ardhi huwa unasikia mahakama imeamuru hali ibaki kama ilivyo hadi shauri lisikilizwe. Amri hiyo haisemi kwamba aliyemo shambani ndiye mwenye haki. Inasema tu kwamba asiondolewe mpaka mwingine athibitishe. Katika hotuba ni hivyo hivyo: hali iliyopo ni ule utaratibu utakaoendelea kesho asubuhi kama mkutano utavunjika bila kuamua lolote. Watu watarudi nyumbani, mvua zitakuja, watapanda mahindi. Haihitaji msemaji wala kura. Wewe unahitaji vyote viwili.

Ndiyo maana anayetaka mabadiliko ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mwingereza Richard Whately aliiandika kanuni hii kwa upande wa hotuba mwaka 1828, na Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 imejengwa juu ya wazo hilo hilo: anayedai ndiye athibitishe. Whately alimfananisha mtetezi wa hali iliyopo na askari walio ndani ya ngome. Wakitulia ndani, ngome inawalinda. Wakijitoa uwanjani wanaweza kupigwa. Sasa watazame wale wenzako wawili. Hawakuwa na kazi ya kukuonyesha kwamba mahindi ni mazuri. Iliwatosha kuuliza, "Na ndege wanaomaliza mtama je?" Kama huna jibu la swali hilo, hotuba imekwisha, hata kama kila ulichosema kuhusu ukame ni kweli.

Kosa lako liko hapo. Umeichukua hali iliyopo kama orodha ya shida. Hali iliyopo ina shida zake, ina faida zake, na ina kitu kinachoishikilia isiondoke. Halafu ina wenyewe, na wenyewe ndio waliokaa mbele yako kwenye viti. Ukisema "tunang'ang'ania mahindi", mzee aliyepanda mahindi miaka 30 anasikia kwamba amekuwa mjinga miaka 30. Hataanza kupima hoja yako. Ataanza kujilinda.

Wala usiuone mzigo huu kuwa uonevu. Una maana yake, na sisi wa kanda ya kati tuna ushahidi wake hapa hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga wa Tanganyika, Kongwa ikiwa kitovu chake cha kwanza, kwa lengo la kulima ekari zinazofikia milioni 3. Kabla ya matrekta, nchi ile ilikuwa na hali yake: mifugo, vichaka, mashamba ya nafaka za nchi kame. Waliopanga mradi waliiona ardhi isiyotumika, wakaja na mpango. Hawakuuliza vya kutosha kwa nini watu wanaoijua ardhi ile hawakuilima kwa namna hiyo. Visiki na mizizi vikavunja mashine. Udongo ule ukikauka unashikana na kuwa mgumu, karanga hazing'oki. Mvua hazikutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, umeshameza zaidi ya pauni milioni 30. Hali iliyopo mara nyingi ni maarifa yaliyokusanywa bila kuandikwa, na anayetaka kuiondoa hana budi kuonyesha kwamba ameyasoma kwanza.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno moja la hotuba, andika kwenye karatasi hali iliyopo ya kijiji chako kwa vipande vinne. Nitakupa kila kimoja kwa uzito wake, maana havilingani.

Kwanza, kinachotokea, kwa hesabu ya hapo hapo kijijini. Achana na takwimu za taifa. Msikilizaji hawezi kuzikagua, na asichoweza kukikagua hakimgusi. Tembelea kaya 10 za vitongoji tofauti, uliza mambo mawili tu: msimu uliopita mlivuna gunia ngapi, na chakula cha shambani kiliisha mwezi gani. Kisha fanya hesabu ambayo kila mama aliyekaa pale anaweza kuifuata kichwani. Kwa mfano, kaya ya watu 6 inayokula ugali kila siku inamaliza kama debe 1 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, gunia lina debe 6, basi inahitaji karibu gunia 9. Kaya iliyovuna gunia 4 katikati ya Mei ina debe 24, yaani wiki 24, na hizo zinaisha mwanzoni mwa Novemba. Hapo ndipo pazito: ghala linakauka wakati mtu anatakiwa kusafisha shamba kungoja mvua. Anakwenda kulima vibarua kwa wenzake ili ale, shamba lake linachelewa, na mwaka unaofuata anavuna kidogo tena. Weka namba za kijiji chako mahali pa hizi zangu za mfano, hata kama ni nzuri kuliko ulivyotarajia. Ukiongeza chumvi kwenye shida, mtu mmoja tu aliyevuna vizuri atasimama na hotuba itaanguka naye akiwa amesema kweli.

Pili, hali hii inawapa nini. Hapa wasemaji wengi huruka, wakiogopa kumpa mpinzani silaha. Silaha anayo tayari. Unapoitaja wewe, unamwonyesha kwamba unamheshimu na unajua unachoomba aache. Mahindi yana soko la haraka, mashine ya kusaga unga wake iko karibu, na mgeni akiwekewa ugali mweupe mwenye nyumba haoni haya. Mtama unataka kukobolewa vizuri, na si kila mashine ya kijijini inaweza. Sema hayo kwa sauti ile ile utakayotumia kusema faida za mtama.

Tatu, kinachoishikilia. Hiki ndicho kiini cha jibu langu, na ndicho karibu kila hotuba niliyowahi kuombwa kuikosoa inakikosa. Shida peke yake haibadilishi kitu. Kama shida ingetosha, kijiji chako kingeacha mahindi baada ya ukame wa kwanza. Jiulize: watu hawa wanajua mahindi yanawaangusha, sasa ni msumari gani unaowashikilia hapo?

Tazama mji wetu wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaanzishwa mwaka huo huo. Bunge lilikuja kukaa hapa mwaka 1996. Wizara zilianza kuhamia kwa wingi baada ya tangazo la Rais Magufuli la 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018. Sababu za kuhama zilielezwa vizuri tangu mwanzo: mji wa katikati ya nchi, unaofikika na wananchi wa pande zote. Lakini ofisi, nyumba za watumishi na balozi vilikuwa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi hapakuwa na tarehe wala sheria ya kumlazimu mtu afunge mizigo. Azimio lilipita, hali iliyopo ikabaki pale pale, kwa sababu azimio halikung'oa misumari.

Kwa mtama, msumari ni ndege. Mtu mmoja akipanda mtama katikati ya mashamba ya mahindi, ndege wote wa kijiji wanakuja kwake. Watoto wako shule, hakuna wa kuamia, yaani kufukuza ndege, na kufikia mavuno anabaki na mabua. Jirani zake wanaona, wanasema "si mnaona?", na mwaka unaofuata hakuna anayethubutu. Wanafanya hesabu sahihi, kila mmoja akiwa peke yake. Anayekuwa wa kwanza anaumia, kwa hiyo hakuna wa kwanza. Ukiligundua hilo, hotuba yako inabadilika yote. Huna tena haja ya kuwaambia kwamba mtama unavumilia ukame; wanajua, mababu zao waliula. Unachotakiwa kuwaambia ni kwamba tatizo hili haliwezi kumalizwa na kaya moja, linaweza kumalizwa na kaya nyingi kwa pamoja, na mahali pa kukubaliana ni mkutano huu.

Nne, hali hii inakwenda wapi. Watu hudhani kubaki ni kusimama. Januari 1958, kwenye mkutano wa TANU Tabora, wajumbe wengi walitaka chama kisusie uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Masharti yalikuwa ya dhuluma na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini Nyerere aliwaonyesha kwamba kususia kusingeacha mambo yalivyo: viti vingechukuliwa na UTP, chama kilichoshindana na TANU, na njia ya uhuru ingerefuka. Mkutano ukakubali kushiriki, na waliosimama kwa kuungwa mkono na TANU wakashinda. Nawe fanya hivyo, kwa ufupi. Onyesha msimu mmoja mbele: tusipofanya kitu leo, Novemba ijayo ghala litakuwa wapi? Usiende miaka 20 mbele. Hapo unakuwa mtabiri.

Kuna jambo la akili za watu unalopaswa kulijua. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza kitu kunamuuma mtu kuliko kupata kitu cha ukubwa ule ule kunavyomfurahisha. Vipimo vyao vya baadaye vilionyesha kwamba maumivu hayo yanakaribia mara mbili ya furaha hiyo. Mwaka 1988 wachumi William Samuelson na Richard Zeckhauser wakaonyesha kwamba watu huchagua hali iliyopo hata pale ambapo nyingine si mbaya kuliko hiyo, na kwamba kadiri unavyowaongezea machaguo, ndivyo wanavyozidi kuishikilia ile ya zamani. Kwa hotuba yako hayo yana matumizi mawili. Neno "punguzeni" lifute, kwa sababu linasikika kama kunyang'anywa. Waachie mahindi yao, hasa ya mabondeni panapokaa unyevu, kisha omba kipande kidogo cha shamba la juu ambalo hukauka kwanza. Na usiende na orodha ya mtama, uwele, alizeti, ufuta na ufugaji wa kuku. Peleka pendekezo moja.

Una bahati moja kubwa katika mada hii. Huku Ugogo kwetu, mtama na uwele ndivyo vilivyokuwa hali iliyopo kabla mahindi hayajatamalaki. Ugali wa uwele na mlenda si chakula cha kuletewa. Kwa hiyo huwaombi waende wasikokujua, unawaomba warudishe kipande cha walichokuwa nacho, na wazee waliokaa mbele wanakuwa mashahidi wako. Ila tahadhari: usiseme "mababu walikuwa na akili kuliko sisi". Utakuwa umewatukana tena kwa njia ya pembeni.

Sasa dakika zako 7. Kwenye mkutano wa wazi, ukisema taratibu na kuacha watu wapumue, hesabu maneno 100 kwa dakika, yaani 700 kwa jumla. Hali iliyopo, yaani vipande vyote vinne, ipe dakika 3 na zisizidi. Ikizidi, watu wanaanza kuamini kwamba umekuja kulalamika. Pendekezo dakika 2, pingamizi dakika 1, ombi dakika 1.

Mwanzo wako unaweza kuwa hivi:

"Mbukwenyi! Kaya ya watu sita hapa kwetu inakula debe moja kwa wiki. Mwaka una wiki hamsini na mbili, gunia lina debe sita. Tunahitaji gunia tisa. Msimu uliopita, nani shamba lake la mahindi lilimpa gunia tisa?"

Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5. Usiogope ukimya huo na usijibu kwa niaba yao. Mikono michache itakayoinuka, au kutoinuka kabisa, ni ushahidi ambao hakuna atakayeupinga kwa kuwa wameutoa wenyewe. Wakiinua wengi, shukuru na uendelee: "Na ambao hawakufika, chakula kiliisha mwezi gani?"

Endelea: "Tunapanda mahindi kwa sababu za kweli. Yanauzika, yanasagwa karibu, na ndege hawayamalizi. Mtama wa mtu mmoja ndege wanaumaliza. Kila mmoja wetu ameliona hilo, ndiyo maana hakuna anayetaka kuanza. Lakini mvua ikikatika Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, hayasubiri. Mtama unajikunja, unangoja, mvua ikirudi unaendelea." Umeona? Faida ya mtama imeingia kama sehemu ya hali iliyopo, bila kupiga debe.

Pendekezo liwe dogo, lenye namba: kaya 20, kila moja robo ekari, mashamba yanayopakana au kukaribiana, wote wapande ndani ya wiki moja. Hizo ni ekari 5 za mtama zinazochanua na kukomaa pamoja, ili ndege wagawane na zamu za kuamia zigawanywe. Mbegu ni kilo 1 hivi kwa robo ekari, yaani kilo 20 kwa kikundi chote. Zipatikane kabla ya mkutano au uwe na jibu la wapi zitatoka. Panga zamu kwa kaya, asubuhi na jioni ndege wanapokula zaidi, kuanzia punje zikiwa na maziwa hadi zinapokauka. Andika ratiba hiyo kwenye karatasi kubwa uibandike ukutani. Ratiba inayoonekana inathibitisha kuliko sifa yoyote ya mtama.

Kwenye pingamizi, litaje lile kubwa kwa ukweli wake. Zamu za kuamia zinasaidia dhidi ya ndege wa kawaida. Kundi kubwa la kwelea kwelea halizuiwi na watu wenye manati, na dawa yake ni kutoa taarifa mapema kwa afisa ugani ili halmashauri na wizara wachukue hatua. Sema nani atatoa taarifa hiyo na kwa simu ya nani. Mtu akitaja mbegu, ujue kwamba mtama mweupe kama Macia unapendwa kwa ugali na ndege wanaupenda pia, wakati wa rangi ya kahawia kama Serena ndege huukwepa kwa uchungu wake, nao uchungu huo watu huusikia mdomoni. Usimfiche mtu hilo. Kuhusu kukoboa, nenda kabla ya mkutano ukamuulize mwenye mashine uso kwa uso; jibu lake, hata likiwa "hapana", ulibebe nalo.

Ombi nalo lisiwe "naomba mzingatie". Mbunge anayemaliza kwa "naunga mkono hoja" anajua kura itafuata. Kwako hakuna anayelazimika kufanya kitu usipomwambia afanye nini. Mwombe mwenyekiti mapema akuruhusu, kisha sema: "Walio tayari na robo ekari wabaki baada ya mkutano, tuandikane majina hapa chini ya mti." Kuwa na daftari na kalamu mbili. Kabla ya siku hiyo, uwe umezungumza na kaya 5 ambazo zimekubali tayari, wawe wa kwanza kusogea, maana msumari wenyewe ni woga wa kuwa wa kwanza.

Na ikiwa hoja yako haitapata watu wa kutosha, omba tu iingizwe kwenye muhtasari kwamba suala litarudi mkutano ujao. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau kila miezi 3. Katika miezi hiyo zunguka tena zile kaya 10, uulize swali jipya moja: "Ungepanda kama kitu gani kingekuwapo?" Majibu yao yatakuonyesha msumari mwingine ambao hukuuona mara ya kwanza.